Dau la babu na kanisa lililohamwa: makumbusho ya uvuvi yanaweza kukaa humo?

Mjukuu wa Nahodha, Malindi

Assalam aleikum, na salamu kwa wote wasiotumia salamu hiyo. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limetushughulisha hapa ufuoni kwetu tangu mwisho wa mfungo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha wa dau kwa zaidi ya miaka arobaini. Alipofariki aliacha dau lake limeegeshwa juu ya magogo chini ya mkungu, na katika banda lake akaacha vitu ambavyo kijana wa leo anayekwenda baharini na mashine hajawahi kuvishika: jarife, yaani wavu mkubwa, la uzi wa pamba, malema mawili ya fito ya kutegea samaki, ndoana za papa zilizofuliwa na mhunzi, chubwi za risasi za kuzamishia mishipi, upo wa kufulia maji uliochongwa kwa mti mmoja, na tanga la amerikani lililoshonwa kwa mkono. Wazee wengine watano wametuambia kwamba nao wana vitu kama hivyo majumbani mwao, na kwamba wangependa vikae mahali pamoja kabla wajukuu hawajavifanya kuni.

Mahali tunapopafikiria ni kanisa dogo la mawe lililo karibu na ufuo, ambalo waumini wake walihamia jengo kubwa zaidi upande wa barabara kuu miaka kadhaa iliyopita. Tangu hapo limefungwa, na popo wameanza kulizoea. Viongozi wa kanisa hilo walipopata habari zetu walituita, wakatuambia kwa moyo mweupe kwamba wako tayari kutusikiliza tukija na maneno yaliyopangika.

Malindi si mji usiojua makumbusho. Tunayo Nyumba ya Nguzo, ambayo iliwahi kuwa hospitali kabla ya kukabidhiwa makumbusho, na wageni huja kumwangalia yule silakanti aliyenaswa katika maji yetu mwaka 2001, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani hadi mmoja alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Nimewapeleka watoto wangu kumwona, na nilipokuwa nimesimama mbele yake nikawaza kwamba samaki mmoja amepata heshima yake, ilhali dau lililolisha ukoo mzima linaoza kwa mvua ya masika.

Ninachouliza ni hiki. Je, yuko aliyewahi kuona makumbusho ya uvuvi ndani ya jengo lililokuwa kanisa, na mambo yalikwendaje? Na pia, dau lenyewe lina urefu wa futi 26 na upana wa futi saba na nusu, ilhali mlango wa kanisa una upana wa futi tano. Wapo wanaosema tuliache dau nje chini ya makuti na tuingize vile vitu vidogo tu. Mimi moyo wangu haukubali.

Mwenzenu wa Ughaibuni

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nilizaliwa Malindi, nikakaa kusini mwa Uingereza kwa miaka saba, na jambo unalouliza nimeliona kwa macho yangu, katika mji wa Hastings.

Ufuo wao, ambao huitwa Stade, hauna bandari. Mashua hutua juu ya changarawe na kuvutwa hadi juu kwa mashine zenye kamba za chuma, na wenyewe hujivunia kwamba kundi lao la mashua zinazoshushwa moja kwa moja kutoka ufuoni ni kubwa kuliko yote ya namna hiyo katika Ulaya. Kando ya ufuo yamesimama mabanda ya mbao yaliyopakwa lami nyeusi, membamba na marefu kwenda juu kama minara, kwa sababu nafasi ya kujengea ilikuwa ndogo. Humo ndimo wavuvi walimotundika nyavu na kamba zao zisioze. Katikati ya mabanda hayo liko kanisa la mawe la Mtakatifu Nikolasi, lililojengwa mwaka 1854 mahususi kwa ajili ya wavuvi na jamaa zao. Ibada za kawaida zilikoma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1956 jengo likafunguliwa tena likiwa makumbusho ya wavuvi. Linaendeshwa na chama cha wenyeji wanaohifadhi mji wa kale, na kuingia ni bure. Anayetaka kutoa hutoa.

Sasa sikiliza habari ya dau, kwa maana nadhani ndiyo itakayokugusa. Ndani ya kanisa lile, pale ambapo waumini walikuwa wakikaa, imesimama mashua nzima inayoitwa Enterprise. Iliundwa mwaka 1912, na ndiyo ya mwisho katika aina yake kuundwa Hastings kwa ajili ya kwenda kwa tanga. Walipoamua kuihifadhi, waliona kwamba haiingii mlangoni. Hawakuiacha nje. Walibomoa sehemu ya ukuta wa upande wa kusini, wakaipitisha, kisha wakaujenga ukuta upya. Unapoingia leo, kitu cha kwanza kinachokupokea ni ubavu wa mashua hiyo, mweusi, mkubwa, umekujia karibu kiasi kwamba unaweza kuona alama za mikono ya mafundi, na juu yake dari la kanisa. Watu huteremsha sauti bila kuambiwa.

Jambo la pili ambalo sikulitarajia ni kwamba jengo halikuacha kabisa kuwa kanisa. Jamaa za wavuvi bado huwaleta watoto wao kubatizwa pale, kati ya nyavu na picha za mababu. Siku moja nilimkuta mzee akimwonyesha mjukuu wake picha ukutani, akimwambia majina ya watu waliokuwa ndani ya mashua mmoja baada ya mwingine, na nje ya mlango, hatua chache tu, mashua zilizotoka kuvua asubuhi ile zilikuwa zimelala juu ya changarawe zikinuka samaki. Nadhani nguvu ya mahali pale inatokana na huo ukaribu. Yakihamishiwa mjini, katika jengo zuri zaidi, hayatakuwa yale tena.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni ndiyo, yanaweza kukaa. Na dau liingie ndani.

Fundi wa Matondoni

Mjukuu wa Nahodha, mimi ni fundi wa vyombo hapa Lamu, nilifunzwa na baba yangu, naye alifunzwa na babake. Namuunga mkono aliyetangulia, lakini nina maneno ya kuongeza kuhusu chombo chenyewe, kwa maana watu wa makumbusho wanajua kuandika kibao cha maelezo kuliko wanavyojua mbao.

Kwanza, kanisa linakufaa kwa sababu ambayo huenda hamjaifikiria. Nyumba zetu za mawe hapa Lamu, hata zile za matajiri, zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kuvuka zaidi ya hatua tatu nne bila kupinda. Ndiyo maana hutaweza kuingiza dau katika nyumba ya Kiamu hata ukibomoa mlango. Kanisa limeezekwa kwa kenchi, ukumbi wake ni mpana na hauna nguzo katikati. Ukiondoa maghala ya zamani, sijui jengo jingine la mawe katika pwani yetu ambalo chombo kinaweza kukaa ndani nacho kikaonekana kizima, mtu akakizunguka pande zote.

Pili, dau lililokaa nje miaka mingi haliingizwi ndani kwa pupa. Mbao zake zimezoea umande na mvua. Ukiliweka ghafla mahali pakavu penye upepo wa kaskazi, zitapasuka kwa wiki chache tu, na kalafati yote, ile pamba ya kuzibia, itatoka kwenye maungio. Lianzeni kwa kulifunika kwa makuti upande wa jua, mliache likauke polepole kwa msimu mzima. Halafu lisuguliwe sifa, yaani mafuta ya samaki, ndani na nje, sifa ya papa kama ilivyokuwa desturi, wala lisipakwe vanishi ya dukani inayong'aa kama kabati. Harufu yake itawasumbua wageni kwa mwezi mmoja au miwili, nao watastahimili, kwa kuwa hiyo ndiyo harufu ya chombo.

Tatu, angalieni mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Chombo kikiwa majini hubebwa na maji sehemu zote kwa pamoja, lakini kikiwa nchi kavu uzito wote hukaa juu ya mkuku na katika nukta chache za magogo. Kikiachwa hivyo, baada ya miaka kumi mataruma ya ndani yanayoshika mbao yatafunguka na mbavu zitashuka, na dau litakuwa kama mtu aliyelegea. Liwekeeni magogo mengi chini ya mkuku na mihimili iliyochongwa kufuata umbo la ubavu, angalau mitatu kila upande.

Na usikubali kabisa kuliacha nje. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka na omo, yaani sehemu ya mbele, lililokumbusha shingo ya ngamia, uliundwa katika visiwa vyetu hadi miaka ya 1930. Leo ukienda Makumbusho ya Lamu utaona mfano mdogo uliotengenezwa na mafundi waliokumbuka. Mtepe halisi uliowahi kubeba boriti kwenda nje haukuhifadhiwa hata mmoja. Wazee wetu hawakuwa wazembe. Walidhani tu kwamba kitu kilichojaa ufuoni hakiwezi kwisha. Sisi hatuna udhuru huo.

Mjukuu wa Nahodha, Malindi

Nawashukuru sana, na kwako mzee wangu wa Matondoni, shikamoo. Nimeyasoma maneno yenu kwa sauti mbele ya wazee jana baada ya sala ya alasiri.

Habari ya ukuta wa Hastings iliwafurahisha, ingawa mmoja wao alisema kwamba kubomoa ukuta wa watu waliokukaribisha si mwanzo mwema wa ujirani. Lakini liko zito zaidi. Mzee mmoja, ambaye alivua na babu yangu na ninamheshimu kama babu, alisema maneno ambayo sikuweza kuyajibu. Alisema: «Dau hili siku liliposhushwa baharini lilisomewa dua, likachinjiwa mbuzi, na kila mwaka likafanyiwa maulidi. Leo mnataka kulilaza mbele ya madhabahu.» Hakusema kwa hasira. Alisema kwa huzuni, kisha akanyamaza, na baraza ikavunjika.

Sitaki makumbusho yatakayomfanya mzee huyu apite mbali. Akikosekana yeye, nani atatuambia lile jarife lilitegwa wapi?

Mama wa Kwaya

Ndugu Mjukuu, mimi ni Mkristo wa Malindi na nadhani kanisa mnalolizungumzia nalifahamu, ingawa sitalitaja kwa kuwa hata wewe hukulitaja. Niliimba ndani yake tangu nikiwa msichana, na mume wangu na mimi tulifungia ndoa humo. Naomba nikupe upande wetu, kwa sababu naona kila mtu anazungumza juu ya dau na hakuna anayeuliza habari za kanisa.

Siku tuliyohama tulilia. Kila mtu alikubali kwamba jengo jipya lilihitajika, watoto walikuwa wanakaa nje wakati wa misa, lakini kufunga mlango mahali ulipozika wazazi wako ni jambo jingine. Tangu wakati huo kila nikipita naona madirisha yaliyovunjwa na nyasi zilizoota kwenye ngazi. Niliposikia kwamba wavuvi wanaliomba, nilipata faraja, kwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa Bwana wetu walikuwa wavuvi, na baadhi yao waliitwa wakiwa wanatengeneza nyavu zao.

Sheria ya Kanisa Katoliki inamruhusu askofu kuliondoa jengo katika ibada na kuliachia matumizi mengine ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu. Makumbusho hayana aibu yoyote. Jambo hilo likishafanywa kwa maandishi, madhabahu huondolewa, na vyombo vitakatifu huhamishwa. Kwa hiyo mwambieni yule mzee, kwa heshima zangu zote, kwamba hapatakuwa na madhabahu ambayo dau lake litalazwa mbele yake. Patakuwa na kuta ambazo zamani watu walimwomba Mungu ndani yake, na nadhani dau lililosomewa dua halitaona ugeni hapo.

Nina maombi mawili tu. Makaburi machache yaliyo nyuma yabaki yalivyo, na njia ya kuyaendea isifungwe. Na mahali fulani ndani, hata kwa maneno mawili ukutani, iandikwe kwamba jengo hili lilijengwa kuwa kanisa, na mwaka lilipojengwa. Hapa mjini tunayo ile kanisa ndogo ya Wareno yenye paa la makuti, ambayo inasemekana Fransisi Xavier aliwazika humo mabaharia alipopita mwaka 1542 akielekea Goa. Imesimama miaka yote hiyo katika mji wa Waislamu, na hakuna aliyelazimika kuficha kuwa ilikuwa ya nani.

Mtunza Vyombo wa Zamani

Nimefanya kazi ya kutunza vitu vya kale katika pwani hii kwa muda mrefu, sasa nimestaafu, na nimeona makusanyo mengi yakianza kwa hamu kubwa yakafia katika maboksi. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mambo yanayochosha.

Majengo ya pwani yetu kubadilisha kazi si jambo jipya. Ngome ya Yesu ilikuwa gereza hadi mwaka 1958 kabla ya kuwa makumbusho, na Ngome ya Lamu ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Ikiwa kuta zilizofungia watu zimeweza kupokea watoto wa shule, kuta za kanisa hazina taabu. Taabu iko katika unyevu. Jengo lenu, kama ni la mawe ya matumbawe, lina chumvi ndani ya mawe yenyewe, na kuta za namna hiyo hupumua kwa chokaa. Asitokee mfadhili mwenye haraka akawaambia mpige plasta ya saruji ili ionekane safi. Saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya miaka michache jiwe humong'onyoka kama unga. Tumieni chokaa, hata kama kazi itachukua mwaka zaidi. Na kabla hamjagusa ukuta wowote, ulizeni ofisi ya makumbusho iwapo jengo limetangazwa kuwa urithi chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, kwa sababu likiwa limetangazwa, kutoboa tundu moja bila idhini ni kosa.

Ndoana na minyororo isipakwe rangi. Chuma kilichofanya kazi baharini kina chumvi ndani, na ukikifunika kwa rangi kutu huendelea kula chini kwa chini huku juu kunapendeza. Wapo wataalamu Mombasa waliojifunza kazi hii kwa vitu vya Santo António de Tanná, ile meli ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 na ikachimbuliwa kuanzia mwaka 1977. Nawakumbusha pia kwamba mwili wa meli hiyo ulipimwa na kuchorwa, kisha ukafunikwa tena chini ya bahari, kwa kuwa kuuhifadhi nchi kavu kulihitaji gharama isiyobebeka. Mbao za chombo ni mzigo wa vizazi. Anayezichukua aamue kwanza nani atazisugua sifa yeye atakapokuwa hayupo.

Jambo ambalo limevunja makusanyo mengi zaidi ya mchwa ni maneno ya mdomo. Mzee analeta upo wake, hakuna kinachoandikwa, anafariki, mwanawe anakuja kuudai, na hakuna anayejua kama ulitolewa zawadi au ulikuwa amana. Nunueni daftari kubwa moja. Kila kitu kipewe namba, kipigwe picha, kiandikwe kimetoka kwa nani, kilitumikaje, na kimekuja kwa njia gani: zawadi, amana, au wakfu wa ukoo. Mwenyewe atie sahihi au dole gumba, na nakala aende nayo nyumbani. Na mkiletewa magamba ya ng'amba au mafuvu ya kasa, msiyapokee kabla ya kuuliza shirika la wanyamapori, kwa maana kasa wanalindwa na sheria na kuwa na magamba yao bila kibali kunaweza kuwaingiza mashakani hata kama yametoka kwa babu.

Bint Faza

Nimesoma yote kwa makini, na ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini ninaona tumejadili mbao, chuma na chokaa, na tumesahau kwamba kazi ya uvuvi haiishii pale dau linapogusa mchanga.

Mama yangu alikuwa mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akangojea vyombo ufuoni, akanunua samaki kwa mkopo kutoka kwa tajiri mwenye dau, akawapara, akawakaanga, na jioni akalipa deni na kubaki na kilichotulisha sisi sita. Nina karai lake, nina kisu chake kilicholika hadi kikawa chembamba kama jani la mnazi, na nina kijiti alichokuwa akikatia alama za madeni kwa kuwa hakujua kuandika. Makumbusho yenu yakiwa na dau na ndoana peke yake, mtakuwa mmehifadhi nusu ya asubuhi. Wekeni pia jiko, ungo wa kukaushia ng'onda, wale samaki wakavu, na gunia la chumvi. Waulizeni wanawake bei ya changu mmoja ilikuwa shilingi ngapi walipokuwa wasichana. Wanakumbuka kuliko manahodha.

Na kabla ya vitu, kusanyeni maneno. Kwetu Ubajunini wazee walivua kasa kwa kutumia chazo, yule samaki anayejibandika kwenye mwili wa papa. Walimfuga majini karibu na nyumba, wakamfunga kamba kwenye mkia, wakamwachia alipoonekana kasa, naye akaenda kujibandika kwenye gamba hadi wakamvuta wote wawili. Leo kasa hawavuliwi, na ni vyema, lakini ujuzi ule wote, namna ya kumtunza chazo, namna ya kumfunga asiumie, ulikuwa ndani ya vichwa vya watu na hauna kitu cha kuweka juu ya meza. Utakwenda nao kaburini wasipoulizwa. Vivyo hivyo majina ya miamba, majina ya pepo ndogondogo zinazovuma kati ya matlai na kusi, na jinsi nahodha alivyojua kwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwamba samaki aina ya tafi wameingia nyasini. Kijana mmoja na simu yake, akikaa na mzee mmoja kila Ijumaa baada ya sala, anaweza kuokoa zaidi ya anachoweza kuokoa mfadhili na lori.

Kuhusu yule mzee aliyenyamaza barazani, kaka yangu, usimjibu kwa hoja. Mwendee nyumbani kwake, umwombe akufundishe jinsi jarife linavyotundikwa, ili lisitundikwe kinyume.

Mjukuu wa Nahodha, Malindi

Dada wa Faza, nilifanya ulivyosema. Nilikwenda na binti yangu Jumatano na tukakaa naye hadi magharibi. Hakulizungumzia kanisa hata kidogo. Alitueleza kwamba jarife letu lilitiwa maji ya magome ya mkoko kila mwezi ili uzi usioze, na kwamba viraka vilivyomo viwili alivishona yeye, akavitambua kwa fundo lake. Tulipoaga alimuuliza binti yangu ni nani atakayekaa mlangoni kuwapokea watu. Binti akamwambia, «Wewe, babu.» Hakukataa.

Mama wa Kwaya, maombi yako yote mawili tumeyaandika katika barua yetu kwa viongozi wa kanisa, na tumeongeza la tatu ambalo hukuliomba, kwamba jamaa zenu wakitaka kuja kukumbuka ndoa zao humo waje wakati wowote. Daftari limenunuliwa. Namba moja ni upo wa babu.

Limebaki lile la mlango. Wazee hawataki ukuta uguswe, na Mtunza Vyombo ameniogopesha kwa habari ya sheria. Nimepima tena: upana wa mlango ni futi tano kamili, na urefu wake kwenda juu ni futi tisa. Je, dau linaweza kufunguliwa mbao na kuundwa upya ndani?

Fundi wa Matondoni

Usifungue hata ubao mmoja. Misumari ile imekamatana na mbao kwa kutu, ukiing'oa utapasua nusu ya chombo.

Nipe kipimo kimoja ambacho hukunipa: kina cha dau, kutoka ukingoni hadi chini ya mkuku.

Mjukuu wa Nahodha, Malindi

Futi nne na inchi mbili, mzee wangu. Nimempa binti yangu ashike kamba upande wa pili.

Fundi wa Matondoni

Basi ukuta wa watu usiguswe. Watu wa Hastings huenda chombo chao kilikuwa kinene mno, lakini chenu kitalazwa ubavu. Upana wa futi saba na nusu utasimama kwenda juu, na mlango una tisa. Kina cha futi nne na inchi mbili kitapita kwa upana, na mlango una tano. Zinabaki inchi tano kila upande, na mimi nimewahi kupitisha chombo penye nafasi ndogo kuliko hiyo. Tafuteni magunia ya makumbi ya kulalia ubavu, magogo ya mnazi yaliyomenywa gome kwa ajili ya kuviringisha, na watu ishirini wenye kusikiliza sauti moja. Mlingoti na shikio vitolewe kwanza. Omo liingie mbele.

Msianze kabla dau halijakauka kama nilivyoeleza. Kusi ikitulia nitapanda basi kuja Malindi na wanangu wawili, na huyo mzee wenu akae mlangoni atuitie.